Nchi Isiyopoteza Kitu

Kulikuwa na nchi, na kama bado ipo msimulizi hasemi, maana naye ana familia. Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho nchi hupaswa kuwa nacho: bendera, wimbo, madeni, na Mtukufu Rais aliyechapa hotuba zake mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa sababu hakumwamini mtu.

Siku moja hotuba ya Sikukuu ya Uhuru, aliyoihangaikia msimu mzima wa mvua, ikatoweka kwenye kompyuta. Mtukufu alipoona kioo kimebaki cheupe alipiga ukelele ambao walinzi waliudhania mapinduzi. Wawili wakalala kifudifudi, wa tatu akaanza kuvua sare. Akaitwa fundi. Fundi akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akasema, "Usihofu, Mtukufu, ipo bakapu."

"Ipo nini?"

"Bakapu. Ni nakala iliyowekwa pembeni. Hii ikifa, ile inashika nafasi yake."

Mtukufu akaitazama hotuba yake imerudi nzima, na makosa yake yote ya tahajia. Machozi yakamlengalenga. "Yaani imekufa, lakini hakuna kilichopotea?"

"Hakuna kilichopotea, Mtukufu."

Fundi angejua maneno yake yatafika wapi, angeiacha hotuba ife kifo chake. Lakini hakujua, akapewa nishani, akaenda zake.

Wazee wa Baraza la Maneno wakawekwa hotelini walitafutie neno hilo jina la heshima. Kundi moja likashikilia nakala rudufu, jingine nakala akiba, na mzee mmoja akaapa kwamba babu zake walikuwa nalo tangu enzi za mawe. Walipokuwa wakirushiana vikombe vya chai, neno lenyewe lilikwisha shuka mtaani, halina hata viatu, linafanya kazi. Tairi la akiba likawa bakapu. Mshumaa wa kwenye kabati, bakapu. Kiporo cha jana, bakapu. Bwana Harubu alipojulikana kuwa ana mke mwingine ng'ambo ya mto, hakukana. Alisema yule ni bakapu tu, na mkewe akampiga mwiko wa kichwa ili aone kama kichwa nacho kina bakapu. Mchungaji mmoja akahubiri kwamba dhamiri ni bakapu ya polisi, akaitwa kituoni kufafanua.

Serikali nayo haikulala. Ikaundwa Wizara ya Bakapu na Urejeshaji, akateuliwa Mheshimiwa Kinyogoli, mtu aliyeweza kusema tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kunywa maji wala kusema jambo. Chini yake kila kitu kikapata bakapu, na kwa kuwa kilikuwa na bakapu, hapakuwa na haja tena ya kukitengeneza. Daraja kuu lilikuwa na bakapu, iliyochorwa vizuri mno kwenye karatasi. Umeme ulikuwa na bakapu, ambayo ni jenereta. Na bakapu ya jenereta, kwa mujibu wa waraka wa wizara, ilikuwa umeme.

Mwisho wakafikia watu.

"Ndugu wananchi," Mheshimiwa Kinyogoli alinguruma redioni, "mataifa yaliyoendelea yameweza kuhifadhi nyaraka, yameweza kuhifadhi picha, lakini je, nani ameweza kuhifadhi mwananchi? Ni sisi! Kuanzia leo hakuna raia wa wilaya iliyounganishwa na mfumo wa bakapu atakayepotea. Kila mmoja amepatiwa mwenzake, wa umri wake na kimo chake, kutoka wilaya ambazo bado hazijaunganishwa. Mmoja akizimika, mwenzake anarejeshwa. Kifo, ndugu wananchi, kilikuwa ni ukosefu wa mipango!"

Makofi yalipigwa mpaka mitambo ya redio ikakoroma. Toka siku hiyo, kitakwimu, hakuna aliyekufa. Makaburi ya jiji yakafungwa, pakawa uwanja wa maonyesho ya kilimo. Waliozimika walichukuliwa na gari la halmashauri, wakafukiwa mahali ambapo halmashauri ilipajua. Matanga yakapigwa marufuku. Kumpa mtu pole likawa kosa, kwa maana ni kudai kwamba kuna kitu kimepotea, na kudai hivyo ni kuitukana serikali. Watu wakazoea. Watu huzoea, ndicho kinachotia uchungu.

Katika jiji hilo aliishi msusi mmoja, Chausiku, ambaye hakuna aliyemwita Chausiku. Aliitwa Mama Mboni, kwa ajili ya binti yake, na alikuwa hana mwingine. Mboni alikuwa mtoto wa darasa la nne, mwembamba, mwenye mluzi kama wa mpiga debe. Alikuwa hapendi bamia. Alikuwa muongo wa miguu: ukimwuliza kama ameosha miguu kabla ya kupanda kitandani, anajibu "tayari" huku shuka likimuumbua. Wateja wakija kusukwa, yeye ndiye aliyeshika kioo, na alikuwa na tabia ya kuwaambia ukweli. "Dada, huu mtindo unataka uso mrefu," anasema, na mama yake anamkata jicho, na mteja anacheka akijidai hajachomwa. Chausiku alimpenda mpaka wakati mwingine alimkasirikia bila sababu, kwa hofu tu.

Mboni akashikwa na kichomi. Hospitali wakamlaza, wakamwekea mashine ya kumsaidia kupumua, na kifua chake kikaanza kutulia. Alasiri ile aliomba chungwa. Chausiku alikuwa akilimenya umeme ulipokatika.

"Jenereta liwashwe!" daktari akapiga kelele.

Jenereta lilikuwa halina mafuta. Mhandisi wa hospitali akatoa waraka akasoma kwa sauti kipengele kinachosema kwamba jenereta likishindwa, utatumika umeme. Umeme haukuwepo. Wakatazamana. Hapakuwa na mtu wa kulaumiwa, kwa sababu utaratibu ulikuwa umefuatwa, na utaratibu ulipokuwa ukifuatwa Mboni aliukamata mkono wa mama yake, wenye maji ya chungwa, akaubana, kisha akauachia.

Muuguzi mmoja mzee akamsogelea Chausiku, akasema, "Pol..." akajiziba mdomo kwa kiganja. Macho yake yakamalizia.

"Nenda nyumbani mama," daktari akasema akiangalia ukuta. "Kapike chai. Mboni ataletwa Alhamisi."

Chausiku akaomba angalau amwoshe. Wakamwambia hakuna wa kuoshwa. Akaomba aonyeshwe watakapomlaza. Wakamwambia Mboni atalala kwake, kitandani kwake, kama kawaida. Gari la halmashauri likaondoka kwa mlango wa nyuma, na yeye akatoka kwa mlango wa mbele, chungwa lingali mkononi.

Jirani yake, Mama Havijawa, alikuja na sukari ameificha ndani ya kanga. Wakakaa chini sebuleni, bega kwa bega, wakitazama zulia. Huko nyuma, kabla ya maendeleo, nyumba ile ingejaa wanawake, mikeka ingetandikwa, na Chausiku angekaa pale ukutani panapokaa mfiwa, watu wakilia naye mpaka kilio kichoke. Sasa walikuwa wawili, na machozi walikuwa wakiyameza. Ukilimeza chozi halipotei, linakwenda kukaa mahali. Kila gari lilipopita Mama Havijawa alijifanya anacheka.

Alhamisi ikafika, na pamoja nayo Afisa Urejeshaji wa Kata, Bwana Matimbwa, kwa suti ya rangi ya maziwa, na mpiga picha, na tarumbeta mbili. Majirani walikwisha agizwa waje na vigelegele. Katikati ya msafara huo alikuwamo mtoto wa kike mwenye sare ya shule ya Mboni. Viatu vilimpwaya.

"Mama Mboni!" Bwana Matimbwa akasema, amepanua mikono. "Kwa niaba ya Mtukufu, kwa niaba ya Mheshimiwa, kwa niaba yangu mimi mwenyewe binafsi, nina heshima kukurejeshea mwanao, akiwa kamili kwa asilimia themanini na tatu. Asilimia zilizobaki zinashughulikiwa. Vigelegele!"

Vikapigwa. Vilitoka vikavu.

Mtoto akapiga hatua mbele, akakazia macho mbali, akasema kwa sauti moja kama anayekariri shairi la mashindano: "Shikamoo mama. Naitwa Mboni. Nasoma darasa la pili. Sipendi bamia. Namwogopa jogoo." Kisha akageuka huku na huku kwa wasiwasi, akimtafuta jogoo.

"Darasa la nne," Mama Havijawa akanong'ona.

"Nakala ilichukuliwa mwaka juzi," Bwana Matimbwa akaeleza kwa fahari. "Ni jambo la kawaida katika fani."

Jogoo yule alikwisha liwa Idi iliyopita. Mboni mwenyewe ndiye aliyeomba paja. Chausiku akamtazama mtoto huyu anayemwogopa kuku ambaye hayupo, na kwa kuwa mpiga picha alikuwa tayari, akaambiwa atabasamu.

Msimulizi hataki kumfanya Chausiku malaika. Siku zile za kwanza alijaribu. Alimlaza mtoto kwenye kitanda cha Mboni. Usiku mkono mdogo ukimgusa, ulikuwa na joto, na mtu aliyefiwa haulizi sana joto linatoka wapi. Kuna asubuhi alimwita "Mboni" na mtoto akaitika, na kwa kitambo kidogo, kama anayekanyaga ngazi isiyokuwepo, Chausiku alikuwa na furaha. Serikali haikuwa ya wajinga. Ilijua kwamba mtu mwenye njaa ya mtoto ukimpa mtoto, hatauliza ni wa nani.

Jumapili akamkalisha kwenye kigoda amsuke kwa ajili ya shule. Nywele za mtoto zilikuwa tayari zimesukwa, mistari myembamba imelala upande, kazi safi, ila ilibidi ifumuliwe ili asukwe mtindo wa Mboni uliokuwa kwenye picha. Chausiku akashika ncha ya msuko wa kwanza. Vidole vikasita. Msusi husoma msuko hata akiwa amefumba macho. Aliyesuka hii alianza kwa upole penye utosi, akakaza kidogo kidogo, akalegeza tena karibu na masikio ili mtoto asiumie akilalia. Penye kisogo, mahali ambapo hakuna mteja anayetazama, msuko ulikuwa umerudiwa mara mbili. Hakuna anayerudia kisogoni kwa ajili ya pesa.

"Nani alikusuka?" akauliza.

"Wewe mama," mtoto akajibu haraka, kama alivyofundishwa.

"Kabla yangu."

Mtoto akapeleka mkono kisogoni.

"Mama," mtoto akasema. "Walipokuja na gari alikuwa hajamaliza. Akawaambia wasubiri. Wakasubiri kidogo tu."

Chausiku akauachia ule msuko. Akamgeuza mtoto, akamwuliza jina lake la kwao.

"Sikudhani."

"Na yale uliyosema, ya bamia na ya jogoo, nani alikufundisha?"

"Mwalimu wa wizara. Alikuwa anakuja shuleni kwetu kila mwezi. Sisi tulidhani ni shairi." Akapangusa pua. "Mimi bamia nazipenda."

Jumatatu, badala ya shule, Chausiku alimshika mtoto mkono wakaenda ofisini kwa Bwana Matimbwa. Ukutani palikuwa na picha ya Mtukufu na, pembeni yake, kwa tahadhari, picha nyingine ya Mtukufu.

"Nimekuja kumrudisha," Chausiku akasema.

"Amepata hitilafu?"

"Hana hitilafu. Ni mtoto wa watu."

"Ni Mboni, mama."

"Mwanangu amekufa, Bwana Matimbwa. Nilikuwa namenya chungwa. Nataka kumlilia mwanangu."

Makarani wakaacha kugonga mihuri. Bwana Matimbwa akainuka, akafunga dirisha, akaketi tena.

"Neno hilo usilirudie," akasema kwa sauti ya chini, karibu ya ubinadamu. Kisha akakumbuka cheo chake. "Umlilie nani, na huyu hapa ameshika kanga yako? Nchi nzima hii hakuna aliyepungukiwa. Hesabu zipo."

"Na mama yake huyu? Yeye mmemrejeshea nani?"

"Kwao hawajaunganishwa."

"Kwa hiyo aliyefiwa ni yeye."

"Hakuna aliyefiwa. Mtu ambaye hajaunganishwa hawezi kufiwa, mama, mfumo haumwoni. Siku wakiunganishwa tutawafikiria." Akafuta jasho. "Mama Mboni, nisikilize kama kaka yako. Kazi yangu ni kurejesha. Mtoto hana tatizo, wewe umesema mwenyewe. Kama tatizo liko kwa mama, basi wewe nawe unaye mwenzako, yuko tayari, amekwisha kariri. Anajua kusuka, anajua hata wimbo unaouimba ukisuka. Naye halii. Nikiandika mstari mmoja hapa, Ijumaa atakuwa nyumbani kwako, na wewe utakuwa ... hutakuwa. Umenielewa?"

Chausiku alielewa. Alielewa zaidi ya alivyotaka Bwana Matimbwa. Kama angepotea leo, mwanamke mwingine angeingia katika nyumba yake, akae katika kigoda chake, na duniani pasingebaki mtu hata mmoja wa kusema kwamba Mboni alikufa. Mtoto angekuwa amekufa bila hata kufa.

"Nimekuelewa, kaka yangu," akasema. "Nilichanganyikiwa kidogo."

"Hutokea," Bwana Matimbwa akasema, akapumua.

Kesho yake walipanda gari la vitunguu lililokuwa likirudi tupu mashambani. Dereva aliuliza wanakwenda wapi, Sikudhani akamtajia jina la kijiji, dereva akasema barabara ya huko haipo ila hufika. Walikaa juu ya magunia matupu. Mtoto, kila walivyozidi kuliacha jiji, ndivyo alivyozidi kusema: jina la mbuzi wao, jina la kaka yake, mahali alipoangukia jino. Chausiku akasikiliza yote. Njiani alimnunulia bamia za kukaanga kwa mama mmoja, akamtazama akizila, na moyo wake ukafanya jambo ambalo mioyo hufanya: ukampenda mtoto huyu na ukamkosa yule, papo hapo, bila mmoja kumsogeza mwingine.

Alijua anachokwenda kufanya. Akishamrudisha huyu, kwake kitabaki kitanda kitupu, na kitanda kitupu katika nchi ile ni ushahidi. Wakija, watamkuta hana mtoto. Itambidi aseme kwa nini.

Kijiji kilikuwa kando ya kilima chekundu, hakina nguzo ya umeme wala bango la Mtukufu. Hawakuwa wameunganishwa na lolote, hata na marufuku. Kwa mbali wakasikia kilio. Chausiku alisimama ghafla, maana alikuwa amesahau kwamba kilio kinaweza kupigwa kwa sauti namna ile, mchana, mlango wazi.

"Ni kwetu," Sikudhani akasema.

Uani mikeka ilikuwa imetandikwa, wanawake wamejaa, vichwa vimefunikwa kanga. Penye ukuta wa nyumba alikaa mwanamke mwenye macho yaliyovimba, mwenzake akimshika mabega. Pale kijijini walijua gari la serikali. Watu wawili watatu walikwisha chukuliwa nalo, ikasemwa wameitwa na taifa, na aliyeitwa na taifa hakurudi. Kwa hiyo gari lilipoondoka na Sikudhani, hawakungoja kuambiwa. Walitandika mikeka.

"Mama!"

Wanawake waligeuka. Mmoja akapiga ukunga akakimbilia nyuma ya nyumba. Mwanamke wa ukutani hakupiga ukelele. Aliinuka taratibu, akamsogelea mtoto, akampapasa uso, mabega, mikono, akamnusa utosi, na hapo ndipo walipoanguka wote wawili, yeye na bintiye, wamekumbatiana mavumbini.

Kilichofuata ni ghasia ya furaha. Vigelegele vikapaa, na hivi havikuwa vikavu. Watoto wakakimbia huku na huko, mtu akaenda kumkamata yule mbuzi, na mtu akaanza kupiga sufuria. Bibi mmoja akamkemea kila mtu kwamba matanga ya mtu aliye hai ni mkosi, yaondolewe upesi. Wanawake wakainuka, wakaanza kukunja mikeka. Hakuna aliyemwona mgeni aliyesimama penye ua, mikono yake haina kitu.

Chausiku alitazama mkeka wa kwanza ukikunjwa. Wa pili. Ulipofika wa tatu, sauti ikamtoka ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

"Jamani, msikunje."

Sufuria ikanyamaza.

"Msikunje, nawaomba. Aliyekufa ni wangu. Kwetu hawaniachi nimlilie."

Mama yake Sikudhani alimtazama mgeni, akaitazama mikono yake mitupu, kisha akamtazama binti yake aliye hai. Haikuhitaji mtu kumweleza. Akaupokonya mkeka mikononi mwa jirani, akaukung'uta, akautandika upya mwenyewe, palepale ukutani alipokuwa ameketi. Akamshika Chausiku mkono, akamkalisha pale, akamvika kanga yake kichwani. Wanawake wakarudi mmoja mmoja wakaketi, waliokuwa wakicheka wakaacha.

"Jina lake nani?" mama yake Sikudhani akauliza.

"Mboni," Chausiku akasema. "Aliitwa Mboni."

"Haya, Mama Mboni," mwanamke yule akasema, akimkumbatia mabega kwa mikono yote miwili. "Sasa lia, dada. Sisi tupo."